Mfuniko wa Daraja la Kwanza

Wenzangu wa ghala la makumbusho waliniomba niwaandikie wanaoanza kazi mambo machache niliyojifunza: namna ya kubeba vyombo, namna ya kuvifunga, namna ya kuandika ripoti. Nimekubali, maana tangu nistaafu sina cha kukimbilia. Lakini kuna jambo moja la kazi yetu ambalo hamtalikuta kwenye mwongozo wowote, na mimi ni mmoja wa waliolificha. Nitalieleza likifika mahali pake. Mwenye haraka asome ukurasa wa mwisho tu, ingawa hautampendeza.

Naitwa Zuhura. Nimezaliwa Tanga, na zaidi ya nusu ya umri wangu nimeishi Gaithersburg. Kwenye makumbusho niliingia kwa mlango wa nyuma, na ndoo ya maji mkononi. Siku yangu ya kwanza nilipewa ukumbi wa meli nipige deki. Kulikuwa na sahani za kale juu ya meza iliyozungushiwa kamba. Nilipofika pale nikakunja gauni, nikachuchumaa, nikafuta sakafu kwa kitambaa badala ya kupitisha mpini mrefu wa deki karibu na ile meza. Nilipoinuka, mzee mmoja Mmarekani mweusi alikuwa amesimama ananitazama, mikono nyuma.

Akaniuliza, "Nani amekufundisha hivyo?"

Nikamwambia mama yangu alikuwa na kabati la vyombo vyake vya harusi, na sisi watoto tulichapwa hata kwa kupumua karibu nalo.

Hakucheka. Alitikisa kichwa kama mtu aliyesikia maelezo ya kutosha. Huyo alikuwa Mzee Harlan, msimamizi wa wabeba vyombo, mzaliwa wa Washington hiihii, na baba yake alikuwa amefagia jengo lilelile kabla yake. Haukupita mwaka akanihamishia ghalani.

Mlio na shahada mtanisamehe, lakini nusu ya mnachofundishwa darasani Mzee Harlan alinifundisha kwa siku tatu, tena kwa maneno machache. Vua pete, saa, na kitambulisho kinachoning'inia shingoni. Glavu za pamba ni za kwenye sinema. Kauri huteleza ndani yake kama samaki, kwa hiyo vaa zile za mpira. Kikombe hakishikwi mpini, maana mpini wa miaka mia moja umeshachoka kuliko wewe. Mkono mmoja chini, mwingine ubavuni. Usimkabidhi mtu chombo mkono kwa mkono. Kiweke mezani, naye akichukue mwenyewe, ili kisiwe na wakati ambao kiko mikononi mwa wawili au hakimo mikononi mwa yeyote. Na chombo chenye mfuniko ni vyombo viwili. Ondoa mfuniko kwanza, uweke pembeni, ndipo uguse kilichobaki.

"Watu huvunja vitu kwa sababu wana hakika," aliniambia. "Mwenye wasiwasi havunji."

Mkusanyo wa meli za abiria ulitufikia nikiwa na miaka kadhaa ghalani. Ulikuja kwenye makreti, nasi tukautoa kipande kwa kipande kwa muda wa miezi. Vilikuwa vyombo vya vyumba vya kulia chakula vya meli kubwa za mwanzo, zile za moshi zilizovusha watu bahari ya Atlantiki. Kila daraja lilikuwa na chumba chake, na hukuhitaji kusoma lebo kujua kreti imetoka wapi. Ilitosha kuinyanyua.

Vyombo vya daraja la kwanza vilikuwa vyepesi. Kauri nyembamba yenye ukingo wa dhahabu. Ukiinua sahani kwenye taa unaona kivuli cha vidole vyako upande wa pili. Kulikuwa na bakuli la supu lenye mfuniko, na juu ya mfuniko kishikio cha umbo la kombe la pwani. Vya daraja la pili vilikuwa vyeupe, vinene, vya watu wenye heshima lakini wasioaminiwa sana. Vya daraja la tatu vilikuwa mabakuli ya bati yaliyopakwa rangi nyeupe, yamechubuka pembeni hadi kutu. Na hayo yalikuwa maendeleo, maana katika meli za mwanzoni kabisa abiria wa chini alikuja na sahani yake, kijiko chake na godoro lake, kama mtu anayekwenda msibani mbali.

Kulikuwa pia na kadi za chakula. Ya daraja la kwanza ilikuwa na vyakula hadi chini ya ukurasa, na utepe. Ya daraja la tatu ilikuwa uji, mkate, viazi na nyama ya kuchemsha, na mgongoni ilikuwa postikadi, ili msafiri aitume kwao na kampuni ipate tangazo la bure. Mzee Harlan aliishika kadi hiyo kwa muda mrefu. Akasema, "Hata njaa yao waliitafutia kazi."

Wachochea makaa, waliokuwa chini kabisa kwenye mitambo, hawakuacha kitu. Kwenye makreti yote yale, chao kilikuwa kijiko kimoja kilichopinda. Walikula wamekaa chini, au wamesimama. Wengi walikuwa watu weusi na Waarabu na Wahindi, na wengine, nilisoma baadaye, walitoka pwani yetu. Nilikisafisha kijiko kile mwenyewe. Kilinichukua siku nzima, na hakikustahili siku nzima, na Mzee Harlan aliniachia.

Alistaafu kabla maonyesho ya mkusanyo ule hayajapangwa. Saratani ya kongosho haikumwachia muda wa kupumzika. Alizikwa mwaka uleule. Mimi nikashika nafasi yake. Msinipongeze.

Hapo ndipo alipokuja Bea. Makumbusho yalikuwa yameacha kuajiri watu wa kudumu, yanakodi watu wa mkataba kutoka kampuni ya nje. Jina lake ni Béatrice, mwanamke wa Bukavu. Kwao alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Hapa alikuwa ameshafanya kazi za kufua na kupika hadi akachoka. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka kumi hivi, akaniita yaya. Kwetu yaya ni mlezi wa watoto, kwao ni dada mkubwa. Siku ya kwanza nilinuna, naye akaona.

"Yaya Zuhura, nimekosea kitu?"

Nilipomweleza alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo nilikubali kuwa yaya, nikajifunza pia kwamba kwao njo ni ndiyo, na mbele ni kabla.

Nimewafundisha watu wengi, na wengine wenu mnasoma hapa. Sijaona mikono kama ya Bea. Alikuwa akikaribia chombo kama anayemkaribia mtoto aliyelala, na alipokiinua hukusikia sauti yoyote, hata ile ndogo ya kauri kuachana na meza. Alipoona mabakuli ya bati ya daraja la tatu aliyatazama, akasema, "Haya tulikuwa nayo nyumbani. Mama alikuwa anatutilia mihogo ndani." Kisha akayashika kwa uangalifu uleule aliotumia kwenye kauri ya dhahabu. Nikaandika barua kwa mkuu wetu wa idara kwamba maonyesho yakiisha, Bea aajiriwe kazi ya kudumu. Mkuu alisema atalifikiria. Bea alimwambia mume wake siku hiyohiyo. Mume wake, Papa Deo, alikuwa mgonjwa wa figo, anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, na bima yao ilikuwa ya kubabaisha. Kazi ya kudumu kwao haikuwa cheo, ilikuwa dawa.

Nami nilikuwa na langu. Mwanangu Idrisi ana selimundu. Wasioijua, ni ugonjwa wa damu unaokuja kwa maumivu yasiyo na taarifa, na kila yanapokuja ni hospitali. Alikuwa na miaka kumi na mitano wakati huo. Nikimwuliza kwa Kiswahili kama anaumwa, ananijibu kwa Kiingereza kwamba yuko sawa, na uso wake umeshakuwa wa kijivu. Mimi ndiye niliyekuwa na bima. Haya nayaeleza mjue nilivyosimama siku ile. Sitafuti huruma yenu.

Maonyesho yalikuwa na meza tatu, kila daraja na meza yake, katika vyumba vitatu vilivyofuatana. Meza ya kwanza ilikuwa chini ya kuba la kioo la kuigiza. Ya pili ilikuwa ndefu, na viti vya kuzunguka vilivyokazwa sakafuni, na fremu za mbao za kuzuia sahani zisiteleze bahari ikichafuka. Ya tatu ilikuwa na mabenchi. Kijiko cha mchochea makaa kiliwekwa kwenye kona ya mwisho, karibu na mlango wa vyoo. Niliuliza kwa nini. Nikaambiwa mtiririko wa wageni ndivyo unavyokwenda.

Siku moja kabla ya kufungua, Jumamosi mchana, wafadhili walialikwa chakula. Walikula katika ukumbi wa pembeni, kisha wakaletwa kuona. Mfadhili mkubwa jina lake limechongwa ukutani mlangoni, kwa hiyo sina haja ya kulitaja. Alikuwa mtu mkarimu, mwenye sauti ya kujaza chumba, na siku ile alikuwa amekula na kunywa vizuri.

Kanuni ilikuwa kwamba kabati za vioo zinazofunika meza zimefungwa. Lakini meza ya kwanza ilikuwa bado wazi upande mmoja, kioo chake kilikuwa hakijafika, na mimi na Bea tuliwekwa pale kulinda. Mimi nilisimama upande wa kulia, hatua kama nne kutoka kwenye bakuli la supu. Bea alikuwa upande wa kushoto, karibu zaidi, na trei ya sponji mbele yake, maana tulikuwa tukitoa vipande vitakavyohamishiwa chumba cha pili.

Mfadhili akamwuliza mkuu wetu alama ya kiwanda iko wapi. Mkuu akasema chini ya bakuli.

"Naweza kuona?"

Nilisubiri mkuu aseme hapana. Mkuu wetu alikuwa mwanamke msomi, aliyeandika vitabu, na kanuni zile alizijua kuliko mimi. Akatabasamu, akasema, "Kwa wewe tu."

Nilifungua mdomo kusema mfuniko uondolewe kwanza. Nikamtazama mkuu, nikaufunga. Yule bwana alilishika bakuli kwa mikono miwili, akalipindua ili asome chini yake.

Nitawaeleza nilichokiona, sawasawa na nilivyokiona, maana hii ndiyo sababu ya kuandika. Mfuniko uliteleza. Ukagonga ukingo wa meza, ukapasuka vipande viwili palepale, juu ya meza. Kipande kimoja kilianguka sakafuni. Cha pili, chenye kishikio cha kombe, kiliruka upande wa kushoto, na Bea aliyekuwa ameshainama akakidaka. Alikidaka vizuri. Angekuwa mtu mwingine tungepoteza vyote viwili.

Watu waligeuka waliposikia mlio. Walichokiona ni mwanamke mwenye sare ya kampuni ya nje, ameinama, kipande cha kauri mikononi, mdomo wazi.

Mfadhili alilirudisha bakuli mezani taratibu. Alimtazama Bea, akamtazama mkuu, akasema, "Mungu wangu. Maskini. Usimkasirikie sana."

Nadhani alikuwa anaamini alichosema. Hilo nimelifikiria miaka mingi. Alikuwa akitazama chini ya bakuli, hakuuona mfuniko ukienda. Lakini mkuu aliona. Alikuwa amesimama ubavuni mwake. Na mimi niliona.

Bea alisema kwa Kiingereza chake cha taratibu, "Nilitaka kukishika. Nilitaka tu kukishika." Hakusema zaidi, na maneno yale ndiyo yaliyonukuliwa baadaye kama kukiri.

Wageni walipelekwa kunywa kahawa. Mkuu akaniita ofisini. Hakunifokea wala hakunitishia, na ningekuwa na urahisi zaidi leo kama angefanya hivyo.

"Zuhura, ripoti ya uharibifu utaandika wewe. Ulikuwa umesimama wapi?"

"Upande wa kulia wa meza. Hatua nne."

"Kwa hiyo hukuona vizuri."

"Niliona."

"Watu walikuwa wengi," akasema. "Kila mmoja ameona chake. Andika kile tu ambacho hakuna atakayekibisha. Kipande kilikuwa mikononi mwa nani?"

Nikatazama daftari lake.

"Kilikuwa mikononi mwa nani, Zuhura?"

"Mwa Bea."

"Basi." Akafunga daftari lake. Nilipofika mlangoni akaniuliza, "Na mtoto, anaendeleaje?" Idrisi alikuwa ametoka hospitali wiki ile. Mpaka leo sijui kama aliuliza kwa wema au kwa namna nyingine. Inawezekana hata yeye hajui.

Nilikaa mbele ya kompyuta nikaandika: *Mfuniko ulivunjika wakati wa kushughulikiwa. Kipande kimoja kilikuwa mikononi mwa mfanyakazi wa mkataba.* Nikaweka jina lake, nikaweka saini yangu. Ninyi mnaoanza, isomeni tena hiyo sentensi. Hakuna neno moja la uongo ndani yake. Na ni ripoti ya uongo kuliko zote nilizowahi kuandika.

Bea alikuwa ananisubiri kwenye chumba cha makabati ya wafanyakazi. Alikuwa ameshavua sare ameikunja. Alinitazama usoni.

"Yaya, uliona?"

Swali lilikuwa hilo tu. Hakuniomba nimtetee. Nimepata nafasi nyingi za kulijibu tena kichwani mwangu, na kila mara najibu vizuri.

Siku ile nilisema, "Sikuona vizuri, Bea."

Akatikisa kichwa polepole. Akatazama viganja vyake. "Basi njo mimi," akasema. "Mi nilisikia kama kimenigusa mbele ya kuvunjika. Labda nilikipiga. Njo mimi."

Ningeweza kusema hapana. Neno lenyewe ni fupi. Nilimwambia aende nyumbani apumzike.

Jumatatu kampuni yake ilimwachisha kazi. Maonyesho yalifunguliwa, watu wakaja kwa maelfu, mfuniko ukaungwa na fundi hodari na kwa mbali huoni mstari. Mkuu wetu alipata kazi kubwa zaidi mji mwingine. Barua yangu ya kumwombea Bea kazi ya kudumu ilirudi kwenye meza yangu bila maandishi. Niliipitisha kwenye mashine ya kukatakata karatasi.

Nilimpigia simu Bea mara mbili. Mara ya kwanza alipokea, akaniambia anatafuta kazi kwenye makumbusho mengine lakini kila anakoomba wanapiga simu kwa kampuni ya zamani, kisha hawamwiti. Hakunilaumu, aliniuliza habari za Idrisi. Mara ya pili hakupokea, na nilifurahi. Mtu uliyemkosea asipokulaumu, unaanza kumwogopa.

Miaka ikapita. Kazi niliifanya vizuri, na sisemi hivyo kwa kujisifu. Nilikuwa mkali kuliko Mzee Harlan. Wengine wenu mnakumbuka nilivyowafokea kwa ajili ya mifuniko. Mlidhani ni umri.

Nilikutana naye mara moja, kama miaka minne baadaye, kwenye duka moja la vyakula vya kwetu pale Silver Spring. Nilikuwa nimesimama kwenye friji nikichagua kisamvu. Nikasikia mtu anauliza bei ya samaki wakavu, nikaijua sauti. Alikuwa amepungua. Mkono wake wa kulia ulikuwa na ngozi iliyokunjamana, ya kung'aa, kuanzia kidole gumba hadi kwenye kifundo, na vidole viwili havikunyooka. Aliniona nikiutazama.

"Ni mashine ya kupiga pasi mashuka," akasema. "Kule hospitali, kwenye kufua. Imeshapona."

"Na Papa Deo?"

"Iko tu. Anapambana."

Tulisimama pale na mifuko yetu. Nilikuwa na sentensi nzima mdomoni. Nikamwambia kisamvu cha leo kizuri. Akasema ndiyo, kizuri. Nikalipa nikatoka, nikakaa garini muda mrefu, mpaka mtu wa nyuma akapiga honi akitaka nafasi yangu ya kuegesha.

Idrisi alikua, akamaliza chuo, akapata kazi yenye bima yake mwenyewe. Hapo nilipoteza kisingizio changu. Niligundua kwamba nilikuwa nimekizoea. Kwa mwaka mzima zaidi niliendelea kukitumia, kama mtu anayechechemea na mguu umeshapona.

Wiki yangu ya mwisho kazini nililitoa jalada la lile bakuli. Mnajua kila chombo kina jalada lake, na kilichoandikwa mle hakifutwi. Ukikosea unaongeza karatasi, unaweka tarehe na saini. Nikaongeza karatasi. Niliandika nani alilishika bakuli, nani alimruhusu, mfuniko ulipasukia wapi, na nani alidaka kipande. Niliandika kwamba mimi niliona yote, na ripoti ya kwanza niliiandika nikijua itasomwaje. Msimamizi mpya, kijana mpole, aliisoma akiwa amesimama. Akaniuliza kama nina hakika nataka ikae mle. Nikamwambia kwa muda mrefu hili ndilo jambo pekee nililo na hakika nalo. Kwa heshima zake, hakuitoa. Siku iliyofuata walinikatia keki, na wachache walikuwa wameshasikia, maana hawakujua waniangalie vipi. Keki ilikuwa nzuri.

Nilichukua nakala, nikamtafuta Bea. Anaishi bado Silver Spring, ghorofa ya sita, jengo la matofali karibu na stesheni ya treni. Alinifungulia bila kushangaa. Kwenye ukuta wa sebule palikuwa na picha ya Papa Deo, imewekewa utepe mweusi. Sikuwa nimesikia.

"Ilikuwa mwezi wa pili," akasema. "Karibu, yaya. Kaa."

Nilimpa pole, nikakaa. Akaleta chai. Niliitoa ile karatasi nikaiweka mezani badala ya kumpa mkononi. Aliivuta kwake, akaisoma mwanzo wake, akanirudishia.

"Kiingereza cha ofisi kinanichosha. Nisomee katika Kiswahili."

Nikamsomea. Nilisoma hadi mwisho, mpaka saini yangu. Sikumwomba msamaha kabla ya kumaliza, na nilipomaliza niliona kuomba ni kumwongezea kazi. Lakini niliomba. Alikuwa ametazama dirishani.

"Kilivunjika kwa meza?" akauliza. "Mbele nikigusa?"

"Kwenye meza. Hukukigusa kabla. Ulikidaka baada ya kuvunjika."

"Na weye uliona."

"Niliona, Bea."

Treni ilipita chini, ikapita nyingine. Aliposema, hakunitazama mimi, alitazama picha.

"Deo alikuwa ananiambia kila wakati: Béatrice, haiko weye. Mi najua mikono yako. Weye hauwezi kuvunja." Akapangusa meza palipokuwa pasafi. "Na mi ninamwambia, Deo, acha. Hata yaya Zuhura alikuwa pale, hata yeye hakuona vingine. Njo mimi, Deo, kubali. Tulibishana miaka yote. Hata pale hospitali, siku za mwisho, aliniambia tena. Mi nikakasirika. Nikamwambia anyamaze."

Niliirudisha karatasi mezani, upande wake.

"Alikufa mi nikimwambia amekosea," akasema.

Aliinuka akaenda chumbani. Nilidhani hatatoka, na nilikuwa nimeshasimama niondoke nilipomwona anarudi amevaa koti zito na kilemba. Alichukua ile karatasi akaikunja mara mbili kwa ule mkono wake ulioungua, akaitia mfukoni.

"Una gari?"

"Ninayo."

"Makaburi ni mbali, basi haifike. Unipeleke."

Nilimpeleka. Ilikuwa saa tisa mchana, baridi, barabara zina mvua. Njia nzima hakusema ila kulia, kushoto. Tulipofika nilizima gari nikafungua mkanda, lakini akaniwekea mkono begani.

"Hapana, yaya. Bakia hapa. Hii ni yetu na Deo."

Alipita kati ya makaburi polepole akisoma majina, mpaka akafika kwake. Akaitoa karatasi. Nilikuwa mbali, vioo vimefungwa, na nilikuwa nimesimamisha gari mahali ambapo ningeweza kumwona uso. Nikageuka nikatazama upande mwingine, nikakaa hivyo mpaka aliporudi.